Kabla ya Kupiga Sururu: Kutafuta Mabomba na Kebo Zilizofukiwa Mombasa

Hotuba kwa mafundi, madereva wa tingatinga na makandarasi wadogo, Tononoka, Mombasa

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mafundi wenzangu, mama zangu mnaosimamia miradi ya maji mitaani, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka saiti na vumbi la matumbawe bado liko kwenye buti zenu: karibuni, na ahsanteni kwa kuiacha kazi ya leo mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie njia za kutambua mabomba na kebo zilizofukiwa ardhini. Nitazieleza, maana ndiyo kazi yangu na naipenda. Lakini mjue mapema ninakoelekea. Hakuna chombo, hata kiwe cha bei gani, kinachoona chini ya ardhi. Kila chombo hupima jambo moja tu na kunyamaza kwa mengine yote. Anayejua chombo chake kinapima nini ndiye atakayejua kimya chake kina maana gani. Wengi waliokata kebo mjini humu hawakuwa wazembe. Walipitisha mashine, mashine ikanyamaza, wakaamini kwamba chini hapana kitu.

Tuanze na tulichokizika wenyewe. Umeme uliingia Mombasa mwaka 1908, pale mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alipoinunua jenereta iliyokuwa ya kasri la Sultani wa Zanzibar. Miaka ya 1950 likaja bomba la Mzima, kilomita kama 220 kutoka chemchemi za Tsavo hadi Mazeras, na kutoka huko maji yakateremka mjini. Baadaye maji ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, yakaletwa upande wa Kisauni. Mwaka 1978 bomba la mafuta la kwenda Nairobi, kilomita 450, likaanza kazi. Mwaka 2009 kebo za intaneti za SEACOM na TEAMS zikapanda pwani yetu kutoka baharini, EASSy ikafuata mwaka 2010, na tangu hapo mitaro ya faiba haijapumzika. Kila kizazi kimefukia chake juu ya cha waliotangulia, na kila shirika limefungia ramani yake kwenye kabati lake. Chini ya barabara moja ya kisiwani unaweza kukuta bomba la chuma la enzi ya mkoloni, la plastiki lililolazwa ubavuni mwake, kebo ya volti 11,000, mfereji wa maji ya mvua, na mirija ya faiba ya kampuni tatu nne zisizosemezana.

Jambo hili linaniuma, na nitawaambia kwa nini. Maji ya mji wetu huja kwa mgao. Bomba likipasuliwa siku halina maji, hakuna anayejua. Mtaro unafukiwa, watu wanakwenda zao. Maji yakifunguliwa yanavuja chini kwa chini. Yakifungwa, bomba linabaki tupu na kunyonya kilicho kando yake. Na kando yake, katika mitaa yetu mingi, ni shimo la choo. Siku maji yakirudi, nyumba ya mwisho wa mtaa ndiyo inayokunywa uchafu ule. Kipindupindu hakihitaji mlango mpana kuliko huo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kutafuta mabomba ni gharama ya ziada kwenye kandarasi, namuuliza gharama hiyo inalipwa na nani asipoilipa yeye.

Kuna na hatari ya pili, inayochelewa zaidi. Tarehe 30 Julai 2004, Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lililipuka na kuua watu 24. Lilikuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi siku za nyuma. Mkwaruzo ule ulivumilia mpaka presha ilipopandishwa. Sisi wa Shimanzi, Kipevu na Changamwe tunaishi kando ya mabomba ya mafuta. Dereva wa tingatinga akigusa bomba la aina hiyo, likalia mara moja tu chini ya kijiko, kisha likanyamaza, asishukuru Mungu akaendelea. Asimame.

Haya. Njia ya kwanza ya kutafuta haitumii betri. Omba ramani kwa kila mwenye kitu ardhini: maji, stima, simu na intaneti, mafuta, reli, barabara. Ukizipata, zitumie kujua kilichopo, usizitumie kujua kilipo. Ramani nyingi zilichorwa kabla ya kazi, zikionyesha palipokusudiwa, na fundi alipokutana na mwamba mgumu alikata kona bila ya kumwambia mchoraji. Kisha tembea. Angalia chemba, vali, mita, nguzo ambayo kebo imeteremkia, taa za barabarani, kiraka kirefu kwenye lami. Inua mifuniko. Ukifunua chemba utaona mabomba yanaingia upande gani na kwa kina gani, na hapo umeshapata kipande cha ukweli.

Kisiwani tuna bahati moja. Mwamba wetu ni matumbawe meupe, na aliyeuvunja kwa mtaimbo kulaza bomba hakuweza kuurudisha ulivyokuwa. Aliujaza mchanga, udongo mwekundu na vifusi. Ukikwangua juu juu ukaona weupe umekatika ghafla kwa mstari ulionyooka, ujue mwanadamu alishapita hapo kabla yako.

Na ukifika Kibokoni au Majengo na karatasi zako mkononi, usizipite baraza bila ya kusalimia. Mzee aliyekaa pale anakumbuka mtaro ulichimbwa upande gani wa njia, na huenda yeye mwenyewe alikuwa kibarua wake. Kumbukumbu nayo ina kasoro yake: anakumbuka njia ilivyokuwa kabla ya kupanuliwa na kabla ya ukuta wa jirani kusogezwa. Mwombe atoke, asimame mahali, aonyeshe kwa mkono. Maneno ya kukaa yanapotea, mguu uliosimama mahali unaweza kuupima.

Sasa tuje kwenye mashine, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Chombo mnachokiona kwenye saiti nyingi, kile cha mkono mrefu, ni risiva. Ndani yake mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Waya wowote unaopitisha mkondo wa umeme huzungukwa na uga wa sumaku, na uga ule ukiikata koili, chombo kinalia. Basi. Hakijui kama kilichoko chini ni kebo, bomba, au ua la seng'enge. Kinajua kuna mkondo unaobadilika.

Njia ya uvivu ni kuiwasha risiva peke yake na kusikiliza umeme wa kawaida. Umeme wetu Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, nayo risiva ina mahali pa kusikiliza hezi 50. Wengi huishia hapo. Lakini fikirini. Kebo isiyo na mzigo haina mkondo wa maana. Kebo ya taa za barabarani ukiitafuta saa nne za asubuhi imelala. Hakuna taa inayowaka, hakuna mkondo, chombo kimya. Kebo kubwa yenye nyaya tatu zilizosokotwa pamoja na mzigo uliogawanyika sawasawa ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuga za nyaya zile hufutana zenyewe kwa zenyewe. Yaani kebo nzima yenye uwezo wa kukuua inaweza kuwa kimya kuliko waya mbovu wa kibanda cha chipsi. Hili nawaomba mlishike hata mkisahau mengine yote ya leo. Risiva nyingi zina pia sehemu ya kusikiliza mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, ambayo huingia kwenye nyaya ndefu ardhini na kutoka tena. Inasaidia kuokota kilichokosekana, lakini nayo haitoi dhamana.

Njia ya fundi ni kutumia transmita, mashine ya kutuma ishara. Unautia mkondo wako mwenyewe, wa masafa unayoyajua, yaani unajua unabadilika mara ngapi kwa sekunde, kwenye kitu unachokitafuta, kisha unaufuata huo tu. Kama ni bomba la chuma na una vali au mita ya kushika, unaunganisha waya mmoja hapo na wa pili kwenye chuma ulichokipigilia ardhini, mbali na kuelekea pembeni, usiuvuke mstari mwingine wowote. Kwenye kebo yenye umeme huungi kitu kwa mkono kamwe; unatumia koleo la kubana, linalozunguka kebo na kuitia ishara bila ya kugusa shaba. Na kama huna pa kushika kabisa, unaiweka transmita juu ya ardhi, itie ishara kwa hewani. Hii ya mwisho ni dhaifu, na ukikaa karibu na transmita, risiva itaisikia transmita yenyewe. Jitenge nayo mita kumi au zaidi kabla hujaamini lolote.

Hapa Mombasa kuna shida isiyoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Matumbawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Unapigilia chuma chako cha ardhi, unaunganisha, na ishara haitoki. Vijana wanadhani mashine ni mbovu, wanairudisha dukani. Mwagieni maji mahali pale, debe zima, msubiri yazame. Kama bado, tafuteni mahali penye udongo. Mara nyingi ishara inarudi papo hapo.

Kuhusu masafa: ya chini, tuseme hezi 512, husafiri mbali na hubaki kwenye mstari uliyoutia. Ya juu, kilohezi 33 au 65, huweza kuruka penye kiungo kibovu au cha mpira, lakini hupotea haraka na huhamia kwenye kila chuma cha jirani. Mmesikia ngoma ya harusi usiku: mdundo unakufikia mtaa wa tatu, zumari unaisikia ukiwa mlangoni. Basi anzeni na masafa ya chini, mpande pale tu mnapolazimika. Mkipanda, mkumbuke kwamba mstari unaoufuata pengine umeshakuwa wa jirani.

Unajuaje kama umehamia kwa jirani? Risiva nzuri ina njia mbili za kusikiliza. Moja hulia kwa nguvu kabisa juu ya mstari, nyingine hunyamaza juu ya mstari ule ule. Tumia zote mbili. Zikikubaliana mahali pamoja, uga ni safi, tia rangi. Zikitofautiana, moja inaonyesha hapa na nyingine hatua moja pembeni, kuna chuma kingine karibu kinachoupinda uga. Hapo usiandike kina hata kidogo, kwa sababu namba inayokuja kwenye kioo ni ya uongo.

Tatizo la chuma cha jirani ni la zamani kuliko mashine zetu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaletwa na chombo chake cha koili kutafuta risasi mwilini. Akaikosa. Inasimuliwa kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma, na zilikivuruga chombo. Kila ninapoona kijana anapima juu ya zege lenye nondo, au kando ya mabati na seng'enge, akaandika kina kwa sentimita, namkumbuka Bell na kitanda kile.

Mkitaka kukihakiki kina bila ya kuamini kioo, kuna njia ya wazee wa kazi hii. Weka alama mahali mstari ulipo. Iinamishe risiva nyuzi 45, iwe kwenye ile sauti ya kunyamaza, ncha yake ikigusa ardhi, kisha nenda pembeni polepole mpaka inyamaze. Pima kutoka kwenye alama hadi hapo. Umbali huo ndio kina. Fanya hivyo upande wa pili pia. Vipimo viwili vikiwa sawa, moyo utulie. Vikipishana sana, uga umepinda. Na kina hicho ni cha katikati ya bomba. Bomba la kipenyo cha sentimita 60 lina mgongo ulio sentimita 30 juu ya namba uliyoisoma.

Sasa, haya yote ni ya vitu vinavyopitisha umeme. Bomba la plastiki halisikiki, la asbesto halisikiki, na ule mrija mwembamba mweusi ambao mtu ameuunganisha kinyemela usiku hausikiki na haumo kwenye ramani ya mtu yeyote. Hapo ndipo watu wanaposema, tukodi rada.

Rada ya ardhini ni chombo kizuri sana na nakiheshimu. Inatuma mawimbi ya redio chini, na popote penye mabadiliko, ardhi na plastiki, ardhi na chuma, ardhi na uwazi, mawimbi mengine yanarudi juu. Ukilivuka bomba kwa kukata njia yake, kwenye kioo unaona upinde, kilele chake kikiwa juu ya bomba. Ukitembea sambamba na bomba huoni upinde, unaona mstari tu, na rahisi kuudhania tabaka la udongo. Kwa hiyo hutembei mara moja. Unapita huku na huku kwa mistari iliyopangwa, kisha unaunganisha vilele.

Rada hiyo hiyo hubadilika tabia kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Maji ya chumvi huyameza mawimbi yake. Kwenye mchanga mkavu wa bara, antena ya megahezi 400 inaweza kuonyesha mita mbili au zaidi. Kwenye mfinyanzi uliolowa huenda isifike mita moja. Kwenye mchanga wa ufuoni uliojaa maji ya bahari haioni kitu, na kioo kinakuwa safi kabisa, kizuri kukitazama. Usafi ule umewadanganya wengi. Karibu na pwani maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na bahari, basi kama lazima upime huko, angalia saa za kupwa kabla ya kupanga kazi. Katikati ya kisiwa, penye matumbawe makavu, mawimbi hupita vizuri, lakini matumbawe yana mapango na matundu ya asili, na kila tundu hurudisha mwangwi wake. Tena Mji wa Kale una visima na mashimo ya zamani yaliyosahauliwa. Rada itakuonyesha pinde nyingi, na kazi yako ni kuuliza ni ipi inayoendelea kwenye mstari ufuatao na ufuatao. Bomba huendelea. Tundu la matumbawe hukatika.

Na kuna hili la kina, ambalo naliona ni la hatari kuliko yote kwenye rada. Chombo hakipimi urefu, kinapima muda. Kinageuza muda kuwa kina kwa kasi uliyoiandika wewe. Kwenye mchanga mkavu mawimbi huenda kama sentimita 15 kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwenye mchanga uliojaa maji, kama sentimita 6. Chukua mashine iliyopangwa wakati wa kiangazi, itumie baada ya mvua za masika bila ya kuibadilisha. Bomba lililo sentimita 60 chini litaandikwa mita moja na nusu. Dereva ataambiwa ana nafasi ya kutosha, na kijiko chake cha kwanza ndicho kitakacholipasua. Ipime kasi kila siku ya kazi, juu ya kitu ambacho kina chake unakijua, kama bomba linaloonekana ndani ya chemba.

Njia ya sauti nitaipitia haraka. Maji yanayovuja kwa presha hulia. Fundi huweka kijiti au maikrofoni ya ardhini juu ya njia ya bomba, au huweka vihisi viwili kwenye vali mbili na kulinganisha sauti inafika wapi kwanza. Kwenye bomba la chuma sauti huenda kama mita 1,200 kwa sekunde, kwenye plastiki chini ya nusu ya hapo, na hupotea upesi. Usiku ndio wakati wake, magari yakipungua. Lakini bila ya presha hapana sauti. Uliza ratiba ya mgao wa mtaa ule kabla ya kumwamsha fundi saa nane za usiku aende akasikilize bomba tupu.

Kwa mabomba ya maji taka tunasukuma ndani transmita ndogo iliyofungwa kwenye waya mgumu, kisha tunaifuata kwa juu. Ndani ya bomba la chuma tumieni hezi 512, maana masafa ya juu hayapenyi chuma. Na mjihadhari: kitu kile hutoa mlio mkuu mmoja na milio miwili midogo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtafute ule mkuu, msichimbe kwenye kivuli chake.

Wengine wenu mnatumia vile vyuma viwili vilivyokunjwa, mnavishika mikononi mpaka vikutane, ndipo mseme bomba liko hapo. Nawaheshimu waliowafundisha. Hata Uingereza, mwaka 2017, kampuni nyingi za maji zilikiri kwamba baadhi ya mafundi wao bado wanavitumia. Lakini majaribio yanapofanywa bila ya mshikaji kujua bomba liko wapi, vyuma vile havishindi kubahatisha. Fundi mzoefu anapopatia, anapatia kwa macho yake yaliyokwisha iona vali na kiraka cha lami. Basi tuyaamini yale macho, vyuma tuviweke chini kunapokuwa na kebo.

Baada ya yote hayo, hujui bado. Unadhani, kwa sababu nzuri. Unajua pale tu unapochimba shimo dogo kwa mkono, ukakiona kitu na kukipima. Wamarekani katika kanuni yao ya mwaka 2002 walizipanga habari za ardhini kwa daraja nne: ya chini ni makaratasi, inayofuata ni makaratasi pamoja na kilichoonekana juu, kisha vyombo, na ya juu ni kitu kilichofunuliwa kwa macho. Waingereza nao wakatoa ya kwao mwaka 2014. Napenda mpangilio huo kwa sababu unamlazimisha mtu kuandika kando ya kila mstari anaujuaje. Chuo Kikuu cha Purdue kilipoichunguza miradi ya barabara huko Marekani mwaka 1999 kilikuta kila dola moja iliyotumiwa kutafuta iliokoa dola 4.62. Hapa kwetu vibarua wa kuchimba kwa mkono wapo na wanataka kazi. Hatuna kisingizio cha kuliruka shimo hilo.

Mwongozo wa Waingereza unaagiza mashine za mkono za kupasulia zisitumike ndani ya nusu mita ya mstari wa kebo. Mimi naongeza sururu na mtaimbo kwenye orodha hiyo. Sepetu ya ncha butu, ubao, mikono. Chimbeni pembeni ya alama, kisha mwelekee kwenye kebo kwa ubavu, msiishukie kwa juu. Mkikuta mchanga laini uliochekechwa, utepe wa plastiki au vigae, punguzeni mwendo zaidi, mtu aliwatangulia akaacha onyo.

Na ikitokea mmeigusa? Kama ni kebo, kila mtu asogee mbali. Dereva abaki kwenye kiti chake, asishuke isipokuwa kuna moto. Na akilazimika, aruke mbali kwa miguu miwili pamoja, asiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja. Kama ni mafuta, zimeni injini, hapana simu hapo, hapana sigara, wapelekeni watu upande ule upepo unakotoka. Na kama ni mchubuko tu, ganda la kebo limekwanguliwa, rangi ya bomba imetoka, msifukie. Najua hofu ya kijana wa kibarua: akisema, atafukuzwa. Kwa hiyo nawaambia wakandarasi mbele yao, mwajiri anayemfukuza aliyesema ukweli anajifunza kufichwa, na kitakachofichwa kitampasukia yeye au mwenziwe.

Mwisho kabisa, mtaro ukiwa bado wazi. Hapa ndipo kazi yote niliyoieleza inapoweza kuokolewa kwa robo saa. Kila njia ya kutafuta ipo kwa sababu kuna aliyefukia bila ya kuandika. Ukilaza plastiki, laza na waya wa shaba wenye ganda juu yake, ncha zake zitokee kwenye chemba, na uujaribu kwa transmita kabla ya kufukia, maana waya uliokatika hauna faida. Pima kwa futi, si kwa simu. Simu hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa ni upana wa njia nzima. Pima kutoka alama mbili za kudumu, kona ya msikiti, nguzo ya daraja, kona ya jengo la mawe, usipime kutoka mti wala kibanda. Andika kina kutoka wapi, juu ya lami au juu ya kizingiti cha jengo, kwa sababu lami huongezwa. Andika kitu gani, kipenyo gani, tarehe gani, nani amelaza. Piga picha na futi ikionekana ndani ya mtaro. Nakala moja kwa mwenye bomba, moja kwa ofisi ya kaunti, moja ibaki kwako, na ya nne, nakuombeni, kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nimesema ya kutosha. Nje uwanjani kumezikwa kebo moja, bomba la chuma, na mabomba mawili ya plastiki, moja lina waya na moja halina. Ardhi imelowa upande wa ukutani, upande wa lango ni kavu. Madereva wa tingatinga waanze na risiva, wafundishwe na fundi wa stima. Wa mabomba na wa faiba waje kwangu kwenye rada. Rangi za kuwekea alama ziko kwenye ndoo mlangoni, na kila kundi litie alama zake kabla ya kuona za wengine.